Saladi ya kalori 1,040

Kalori 150. Hiyo ndiyo namba iliyowekwa mwaka 2002 kwenye tovuti ya kampuni moja ya vyakula vya haraka ya Marekani, kando ya jina la saladi ya kuku. Lozi na tambi zinazoambatana na saladi hiyo ziliandikwa mahali pake peke yake: 190. Sosi ya kumwagia juu, 280. Jumla inakuwa 620, na mlaji bado anajisifu kwamba leo kaacha baga. Sasa geuza kipakiti cha sosi usome maandishi madogo ya nyuma. Kumbe kipakiti kimoja kinahesabiwa kuwa vipimo viwili na nusu. Ukikikamua chote, kama anavyofanya kila mtu, sosi peke yake inafika 700 na saladi nzima 1,040, nusu ya kalori ambazo serikali ya Marekani inamkadiria mtu mzima kwa siku.

Hesabu hiyo ni ya David Zinczenko, wakati huo mhariri mkuu wa jarida la Men's Health, katika makala fupi ya maoni iliyotoka New York Times tarehe 23 Novemba 2002. Kichwa chake, "Don't Blame the Eater", kinatuambia tusimlaumu mlaji. Makala hiyo imefundishwa sana katika madarasa ya uandishi ya vyuo vya Marekani, na wanafunzi huichambua kwa vigawanyo vile vitatu vya Aristotle: sifa ya msemaji, hisia, na hoja. Vigawanyo hivyo vina kazi yake, ila vimekuwa droo tatu za kabati. Ukishaitumbukiza kila sentensi katika droo yake unaona umemaliza, kumbe hujagusa swali lenyewe: mbinu ipi ilibeba uzito, ipi ilivunjika, na kwa sababu gani.

Aya ya saladi ilibeba. Haina tusi wala kivumishi kikali, na kampuni yenyewe haitajwi jina. Mwandishi anamkabidhi msomaji kalamu na kumwacha ajumlishe. Namba inapanda kwa ngazi tatu, 150, 620, 1,040, na kila ngazi imefichwa mahali tofauti: moja kwenye jina la chakula, nyingine kwenye orodha ya pembeni, ya tatu mgongoni mwa kipakiti. Anayefika juu anahisi amegundua siri mwenyewe, na jambo ulilolivumbua mwenyewe ni gumu kulikana. Tena mwandishi hakuchagua baga. Baga inajulikana, nani atashangaa? Alichagua saladi, chakula cha mtu aliyejitahidi kufanya chaguo jema, kwa sababu hoja ya upande wa pili yote imesimama juu ya neno "chaguo". Ukionyesha kwamba hata aliyechagua vizuri kapotezwa na lebo, umeng'oa nguzo ya katikati.

Kabla ya kufika hapo alikuwa amefanya jambo ambalo wengi wetu hatuliwezi: alianza kwa kuucheka upande wake mwenyewe. Mwaka huo wasichana wawili wa Bronx, jijini New York, walikuwa wameishitaki McDonald's kwamba imewanenepesha, na nchi nzima ilikuwa inawacheka. Zinczenko anafungua kwa swali la balagha: je, hii haifanani na wanaume wa makamo kuishitaki Porsche kwa sababu wamepigwa faini za mwendo kasi? Msomaji anayedharau kesi ile anaona huyu ni mwenzake. Kejeli imeshatumika, adui hana tena ya kuitumia, na mara makala inageuka: mimi nawahurumia, maana nilikuwa mmoja wao. Ni mchezo wa mwanamieleka anayekubali kuvutwa ili ashike kiuno.

Kisha linakuja simulizi la mwili wake. Wazazi wameachana, mama yuko kazini, chakula cha mchana na cha jioni ni McDonald's, Taco Bell, KFC au Pizza Hut, na akiwa na miaka 15 ana pauni 212, sawa na kilo 96. Kuaminika anaaminika. Lakini hapa ndipo ufa wa kwanza ulipo, kwa sababu simulizi linaishia yeye kupungua: alijiunga na kikosi cha akiba cha jeshi la majini akiwa chuo, akabadili maisha. Mpinzani anaokota hilo tu. Wewe uliweza, wao wana nini? Zinczenko anajibu kwamba vijana wengi hawapati bahati hiyo, jibu la sentensi moja kwa swali lililohitaji aya tatu. Anayetumia mwili wake kama ushahidi aangalie mwisho wa simulizi zaidi ya mwanzo wake, maana ushujaa wa mwishoni unaifuta hoja ya mwanzoni.

Ufa wa pili ni balungi. Endesha gari barabara yoyote ya Marekani, anasema, utaona mmoja wa migahawa zaidi ya 13,000 ya McDonald's. Sasa rudi nyuma ujaribu kutafuta pa kununua balungi. Sentensi tamu. Inampa msomaji jaribio la kufanya kwa macho yake, na balungi lenyewe ni chaguo la kijanja, kwa kuwa tunda lina uzito na rangi kichwani kuliko maneno "lishe bora". Ila jaribio likifanywa kweli linaweza kushindwa, maana maduka makubwa ya Marekani yanauza mabalungi mwaka mzima. Kwetu ndiyo linaanguka kabisa. Dar es Salaam au Mombasa, hatua chache kutoka kwenye kibanda cha chipsi kuna mkokoteni wa matikiti na mapapai yaliyokatwa tayari. Mwandishi wa Kiswahili anayenakili mbinu hii bila kutazama barabara yake atachekwa na msomaji wa kwanza.

Kuhusu tumbaku, Zinczenko alifuata njia iliyokwisha kukanyagwa: matangazo ya sigara yana onyo, ya vyakula hayana, na huenda majimbo yatazigeukia kampuni za chakula kama yalivyozigeukia za sigara. Mlinganisho huo una nguvu na una hatari. Sigara moja na sigara nyingine ni kitu kilekile, na hakuna anayehitaji sigara ili aishi. Chakula kila mtu anakihitaji, na baga moja kwa mwezi haimdhuru mtu. Radley Balko, katika makala ya mwaka 2004 iliyotolewa na Cato, taasisi ya Marekani inayotetea soko huria, aliendea upande wa pili: unachokula ni shauri lako, na gharama ya afya yako isiwe mzigo wa jirani. Mwezi Machi mwaka huohuo Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha muswada wa kuzuia kesi za namna hii. Seneti haikuupitisha, lakini tazama jina walilouita: Sheria ya Wajibu Binafsi katika Ulaji. Vita ya maneno imeshapiganwa kwenye jalada kabla hujafungua kifungu cha kwanza.

Wenye viwanda nao wanajua balagha. Guest Choice Network, asasi ya kuwatetea wenye migahawa iliyoanza mwaka 1995 kwa fedha za kampuni ya sigara ya Philip Morris na baadaye kuitwa Center for Consumer Freedom, ilijenga kazi yake yote juu ya neno "uhuru". Mkosoaji akisema "afya", inajibu "uhuru". Hawabishani naye, wanahamisha uwanja. Ndiyo maana aya ya saladi inawasumbua: uhuru wa kuchagua bila kujua idadi ni uhuru gani?

Kesi ya wale wasichana, kwa njia, Jaji Robert Sweet aliitupa Januari 2003. Lakini katika hukumu hiyohiyo aliandika kwamba Chicken McNuggets si kuku aliyekaangwa kwenye kikaango tu, ni kiumbe cha "McFrankenstein" kilichoundwa kwa vitu ambavyo mpishi wa nyumbani havitumii. Wakosoaji walishindwa kesi wakaondoka na istiari bora kuliko zote walizowahi kutunga wao wenyewe.

Mwandishi aliyewazidi wote kwa ufundi, kwa maoni yangu, ni Eric Schlosser katika Fast Food Nation, kitabu cha mwaka 2001 kilichokua kutoka kwenye makala za jarida la Rolling Stone. Anafungulia mlimani. Cheyenne Mountain, Colorado, ndani yake mna kituo cha kijeshi kilichochimbwa kustahimili vita vya nyuklia, na karibu kila usiku kijana wa kupeleka piza za Domino's hupita kizuizi cha walinzi hadi karibu na lango lake. Hajasema neno lolote baya kuhusu piza, lakini msomaji ameshaelewa kwamba viwanda hivi hufika hata penye milango ya chuma. Ukitaka kujua tofauti ya mwandishi wa habari na mwanaharakati, iko hapo: mwanaharakati angeanza na takwimu za unene.

Sura yake kuhusu chipsi inafundisha zaidi. Schlosser anakwenda New Jersey, kwenye maabara ya International Flavors & Fragrances, anapewa vipande vya karatasi vilivyochovywa na kunusishwa. Anafumba macho, anasikia harufu ya baga inayochomwa, kana kwamba mtu anageuza nyama humohumo chumbani. Anafumbua macho: karatasi nyeupe na mtaalamu anayetabasamu. Hoja nzima ya kitabu, kwamba ladha imetenganishwa na chakula, imo ndani ya pumzi moja ya pua. Halafu anakuja na jambo la mafuta. Hadi mwaka 1990 McDonald's ilikaanga chipsi zake kwa mchanganyiko wa asilimia 93 mafuta ya ng'ombe na asilimia 7 mafuta ya pamba. Ilipohamia mafuta ya mimea, ladha ikabaki kwa msaada wa maneno mawili kwenye orodha ya viambato: "ladha asilia". Mwaka 2001 Wahindu na wasiokula nyama walifungua kesi, kwa kuwa ndani ya ladha hiyo mlikuwa na kitu kitokanacho na ng'ombe, na mwaka 2002 kampuni ikakubali kutoa dola milioni 10 kwa vikundi mbalimbali. Asilimia 93 ni namba ya kukumbukwa kwa sababu mtu anaiona: karai lote ni ng'ombe. "Mafuta mengi ya wanyama" isingefika popote.

Mahali anapoteleza ni kwenye orodha ya ladha ya milkshake ya stroberi. Anapanga kemikali karibu hamsini za ladha bandia ya stroberi, moja baada ya nyingine, mpaka msomaji anaishiwa pumzi. Takriri ya namna hiyo inatisha kwa urefu wake tu. Lakini stroberi ya shambani nayo ukiiandika kwa majina ya kikemia itajaza ukurasa, na amili asetati ya kwenye orodha ile haitofautiani na inayonukia kwenye ndizi mbivu. Schlosser mwenyewe anakiri mahali pengine kwamba ladha asilia na bandia huweza kuwa kitu kimoja. Mbinu ikimtisha asiyejua na kumchekesha anayejua, iache. Mkemia mmoja kwenye sehemu ya maoni anatosha kuiharibu makala nzima.

Kuna pia ile sentensi yake maarufu. Katika sura ya vijidudu, inayosimulia pia mlipuko wa maradhi wa mwaka 1993 kwenye migahawa ya Jack in the Box, ambapo watu zaidi ya 700 waliugua na watoto wanne wakafa, anaeleza kwa nini baga inaweza kukuumiza: kwa sababu nyama ina mavi. Anaandika neno lenyewe, la mtaani, mara moja, baada ya kujizuia muda wote. Mfasiri wa Kiswahili atavutwa na adabu aandike "kinyesi", na hapo sentensi imekufa, maana "kinyesi" ni neno la kipimo cha hospitali. Neno zito hufanya kazi likiwa moja katikati ya lugha safi. Ukitukana tangu aya ya kwanza, ukifika kwenye mavi hakuna anayestuka.

Mpangilio wa sura zake nao una historia nyuma yake. Upton Sinclair alikaa wiki saba kwenye viwanda vya nyama vya Chicago mwaka 1904, akaandika The Jungle, iliyotoka kitabu mwaka 1906, akitaka Wamarekani wawahurumie wafanyakazi wahamiaji. Wasomaji walisoma kurasa za nyama iliyooza wakasahau watu. Tarehe 30 Juni 1906 zikasainiwa sheria mbili, ya ukaguzi wa nyama na ya usafi wa vyakula na dawa. Wafanyakazi hawakupata kitu. Sinclair akasema alilenga moyo wa umma, akaupiga tumboni kwa bahati mbaya. Schlosser bila shaka alilijua hilo: sura ya wafanyakazi wanaokatwa vidole machinjioni imetangulia sura ya vijidudu. Ukitanguliza tumbo, moyo hausomwi.

Upande wa vinavyovunjika, mfano mkubwa ni mtengenezaji filamu Morgan Spurlock. Siku 30 anakula McDonald's peke yake, mara tatu kwa siku, na akiombwa achukue saizi kubwa kabisa anakubali, jambo lililotokea mara tisa. Aliongezeka pauni 24.5, karibu kilo 11, na madaktari wakashangaa hali ya ini lake. Filamu yake ya Super Size Me ilitoka mwaka 2004, na Machi mwaka huo kampuni ikatangaza kuiondoa saizi hiyo, ikikana kwamba filamu ndiyo sababu. Mbinu ilikuwa kali: mwili mmoja, kalenda moja, mzani mmoja. Udhaifu ulikuwa hapohapo, maana mwili mmoja hauna wa kulinganishwa naye. Desemba 2017 Spurlock alitoa tamko kwamba amekuwa akinywa pombe tangu ana miaka 13 na hajawahi kukaa zaidi ya wiki bila kulewa kwa miaka 30. Lile ini likahama kutoka ushahidi wa chipsi kwenda ushahidi wa pombe. Zinczenko akidanganya kuhusu utoto wake, hesabu ya saladi inabaki palepale. Spurlock alipokiri, hakubakiwa na hesabu.

Mahakama ndiyo inayochuja vizuri kuliko mwalimu yeyote. Mwaka 1986 kikundi kidogo cha London Greenpeace, ambacho si ile Greenpeace kubwa ya kimataifa, kilitoa kipeperushi cha kurasa sita dhidi ya McDonald's. Kampuni ilishitaki kwa kashfa, na wawili waliokataa kuomba radhi, Helen Steel na Dave Morris, walijitetea wenyewe katika kesi iliyoanza 1994 na kumalizika kwa hukumu ya Jaji Bell tarehe 19 Juni 1997. Kwa sheria ya kashfa ya Uingereza ya wakati ule, aliyeandika ndiye anayethibitisha. Angalia kilichosimama: kwamba kampuni inawatumia watoto kwa matangazo, inawajibika kwa ukatili kwa baadhi ya wanyama, inalipa mishahara midogo. Kilichoanguka: kuangamiza misitu ya mvua, njaa ya nchi maskini, saratani. Madai ya karibu, yenye risiti na mashahidi, yalibaki. Madai yaliyovuka bahari kwa mnyororo wa sababu tano au sita yalikatika kwenye pete ya pili. Wakaamriwa kulipa pauni 60,000, zikapunguzwa hadi 40,000 kwenye rufaa ya mwaka 1999. Rufaa hiyo ilikubali pia jambo jipya: kwamba mtu akila chakula cha McDonald's cha kutosha, mlo wake unaweza kuwa na mafuta mengi na akajiweka katika hatari halisi ya ugonjwa wa moyo. Neno lililoliokoa dai hilo ni "akila cha kutosha". Kwa Kiswahili ni silabi moja, ile "ki" ya masharti, au "endapo" ukitaka kujitanua. Wanaharakati huiona ni woga. Ni bima. Mwaka 2005 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema wawili hao hawakutendewa haki na Uingereza, ila hukumu juu ya misitu haikubadilika.

Sasa kwetu. McDonald's haina mgahawa Kenya wala Tanzania, kwa hiyo kutafsiri ukosoaji wa Marekani neno kwa neno ni kumwandikia msomaji kuhusu duka asilolijua. KFC ipo, na Januari 2022 ilitupa funzo bila kukusudia. Iliishiwa chipsi nchini Kenya kwa sababu meli zilichelewa. Wakenya wakauliza: meli gani, wakati Nyandarua kuna viazi? Kampuni ikajibu kwamba wauzaji wake lazima wapite kwenye uhakiki wake wa ubora wa dunia nzima. Jibu lilikuwa la kweli na lilikuwa baya kupindukia, maana lilisikika kama "viazi vyenu havifai". Ndani ya siku chache wito wa kuisusia ulisambaa, na kalori hazikutajwa na mtu. Uchungu wote ulikuwa wa mkulima. Mwandishi wa Nairobi anayetaka kusikika aanze na gunia la viazi, mengine yafuate.

Kwenye kibanda cha chipsi mayai, mifupa ya makala za Kimarekani haisimami kabisa. Zile zinahitaji jitu lenye bilioni za matangazo na mtoto mdogo mbele yake. Kibandani hakuna jitu. Kuna kijana mwenye karai, mtaji mdogo na mteja anayemfahamu kwa jina. Ukimshambulia kama McDonald's, msomaji atasimama upande wake, na atakuwa sahihi. Kinachoweza kuhamishwa ni ile hesabu ya saladi, na kwa kuwa kibanda hakina lebo, itabidi uifanye mwenyewe.

Pima viazi vibichi vilivyomenywa vya sahani moja kwa mzani wa jikoni. Tuseme gramu 300. Viazi vibichi vina kama kalori 77 kwa gramu 100, hivyo 231. Mafuta usiyakadirie kwa macho. Pima chombo cha mafuta kabla ya kukaanga, kaanga sahani kumi, acha yapoe, pima tena, gawa upungufu kwa kumi. Kosa la kawaida ni kupima kwa lita: mafuta ya moto hutanuka, kwa hiyo tumia gramu. Kosa la pili ni kusahau yanayochuruzika kwenye chujio. Yarudishe kabla ya kupima. Upungufu ukiwa gramu 30 kwa sahani, zidisha kwa 9, ni 270. Mayai mawili yana kama 140. Jumla 641, na hapo mafuta yameshavizidi viazi, jambo ambalo mlaji hakulitarajia na ndilo litakalobeba aya yako.

Soda ina lebo, ila husomwa vibaya. Ikiandikwa gramu 10.6 za sukari kwa mililita 100, chupa ya mililita 500 ina gramu 53, vijiko 13 vya chai vya gramu nne nne, wakati Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati, yaani gramu 50 kwa anayekula kalori 2,000. Kwenye chumvi, lebo nyingi hutaja sodiamu. Zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Lebo ya kilojuli igawe kwa 4.184. Ukiandika kilojuli kama kalori umemzidishia msomaji mara nne, na hakuna "endapo" itakayokuokoa.

Halafu kuna ile chupa ya tomato sauce mezani. Ipime kabla mteja hajaishika na baada ya kuirudisha.